Kura ya Vita Inayokwepwa na Wabunge wa Marekani

Kabla jua halijachomoza Jumapili ya Januari 5, 2020, wapiganaji wa Al Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda Bay, katika kaunti ya Lamu, ambao wanajeshi wa Marekani walikuwa wakiutumia pamoja na wenzao wa Kenya. Hadi shambulio lilipozimwa, Wamarekani 3 walikuwa wameuawa, mmoja askari na wawili wakandarasi wa jeshi, na ndege kadhaa zilikuwa zimeteketea. Ukiuliza Wamarekani hao walikuwa pale kwa ruhusa ya nani, upande wa Kenya una jibu jepesi: makubaliano ya kijeshi baina ya serikali mbili. Upande wa Marekani jibu lina mizunguko. Ruhusa yao ya kupigana na Al Shabaab inatokana na sentensi moja iliyopitishwa mjini Washington mwezi Septemba 2001, wakati kundi hilo lilikuwa halijazaliwa, na kuanzia siku hiyo hadi siku ya shambulio la Manda Bay, Bunge la Marekani halikuwa limepiga kura hata moja ya kuidhinisha vita dhidi ya Al Shabaab kwa jina lake.

Wengi wetu tunaofuatilia siasa za Marekani kwa mbali huliona jambo hili kuwa ni ubabe wa marais, kwamba mtu mmoja akishaingia White House anaweza kurusha makombora popote apendapo na hakuna wa kumuuliza. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito, ni kwamba Bunge liliyaachia mamlaka hayo lenyewe, tena likiwa na akili zake timamu, na kilicholifanya liyaachie ni hofu ya uchaguzi. Uchaguzi, ambao kwa nadharia ndio unaomlazimisha kiongozi kutoa hesabu ya vita alivyovianzisha, kwa vitendo umekuwa sababu ya wabunge kutotaka majina yao yaonekane kwenye orodha ya kura ya vita yoyote.

Tuanzie kwenye Katiba. Waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuiandika walikuwa wametoka juzi tu chini ya mfalme, na walijua jinsi wafalme wa Ulaya walivyoweza kupeleka vijana wa watu vitani kwa ugomvi wa urithi au wa heshima. Rasimu yao ililipa Bunge mamlaka ya "kufanya" vita. Agosti 17 mwaka huo, James Madison wa Virginia na Elbridge Gerry wa Massachusetts walipendekeza neno hilo libadilishwe liwe "kutangaza" vita, ili rais abaki na uwezo wa kuzima shambulio la ghafla bila ya kusubiri wabunge wakusanyike, jambo ambalo katika enzi za farasi lingeweza kuchukua wiki kadhaa. Pendekezo likapita. Kifungu cha kwanza cha Katiba kikalipa Bunge kazi ya kutangaza vita, kuunda majeshi na kuyalipia, tena fedha za jeshi la nchi kavu zisiidhinishwe kwa zaidi ya miaka 2 kwa mkupuo mmoja; kifungu cha pili kikamfanya rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Mtu wa pwani ataelewa upesi: Bunge ni mwenye chombo, rais ni nahodha. Nahodha ndiye anayeshika usukani wakati wa dhoruba na hapangiwi namna ya kukunja tanga, lakini chombo kiende wapi ni shauri la mwenyewe.

Utaratibu huo umefuatwa kikamilifu katika vita 5 tu: dhidi ya Uingereza mwaka 1812, Meksiko mwaka 1846, Hispania mwaka 1898, na vile vikuu viwili vya dunia. Tangazo la mwisho la vita lilipitishwa Juni 1942 dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Rumania. Tangu hapo Marekani imepigana Korea, Vietnam, Panama, Ghuba, Kosovo, Afghanistan, Iraq, Libya, Syria, Yemen na Somalia, na hakuna hata kimoja kati ya vita hivyo kilichotangazwa rasmi.

Mlango ulifunguliwa na Harry Truman. Juni 1950 alipeleka wanajeshi Korea bila ya kuomba kura ya Bunge, akakubaliana na mwandishi wa habari aliyemuuliza iwapo ile ingeweza kuitwa operesheni ya kipolisi. Operesheni hiyo ya kipolisi iliua Wamarekani zaidi ya 36,000, na Wakorea wasiopungua mamia ya maelfu. Lyndon Johnson alikuwa mjanja zaidi, kwani alitaka Bunge liwe ndani ya chombo kabla mawimbi hayajaanza. Agosti 7, 1964, tarehe ambayo wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaikumbuka kwa msiba mwingine wa miaka 34 baadaye, Bunge lilipitisha azimio la Ghuba ya Tonkin lililompa ruhusa ya kuchukua hatua zote alizoona zinafaa Kusini-Mashariki mwa Asia. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 416 kwa 0, Seneti 88 kwa 2, wakiamini kuwa meli za kivita za Marekani zilishambuliwa mara mbili, ilhali shambulio la pili halikutokea. Ilikuwa imebaki miezi 3 kabla ya uchaguzi mkuu, na hakuna aliyetaka kuonekana amemgeuzia mgongo askari wa nchi yake. Maseneta wawili waliokataa walikuwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Mwaka 1968, wakati vita vya Vietnam vilikuwa vimekwisha kuchukiza nusu ya nchi, wote wawili walipoteza viti vyao. Kuwa sahihi mapema hakukuwasaidia, na waliobaki ndani ya Seneti waliona.

Vietnam iliposhindikana, Bunge lilijaribu kurudisha funguo zake. Novemba 7, 1973 lilipitisha Azimio la Mamlaka ya Vita, likiruka kura ya turufu ya Richard Nixon. Rais akipeleka majeshi kwenye mapigano, ataliarifu Bunge kwa maandishi ndani ya saa 48. Kama Bunge halijaidhinisha, mapigano yakome baada ya siku 60, na nyongeza ya siku 30 za kuwaondoa askari kwa usalama. Na wakati wowote mabaraza mawili yanaweza kumwamuru awarudishe askari kwa azimio lisilohitaji saini yake. Kwenye karatasi hakuna sheria iliyo wazi zaidi ya hiyo. Imetobolewa kila upande.

Tundu la kwanza ni maana ya neno "mapigano". Mwaka 2011 ndege za Marekani ziliingia katika vita vya kumwangusha Muammar Gaddafi tangu Machi 19, na siku 60 zikapita. Serikali ya Barack Obama, mtu aliyewahi kufundisha sheria ya katiba chuoni Chicago, ilimtuma mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, Harold Koh, kulieleza Bunge kwamba kule Libya hakukuwa na mapigano kwa maana ya sheria ile: askari wa Marekani hawakuwa ardhini, hawakuwa wakiuawa, na kazi yao ilikuwa na mipaka. Kwa hoja hiyo, mtu anayerusha mabomu kutoka juu na asiyeweza kufikiwa na risasi ya anayempiga hayuko vitani. Walioyapokea mabomu hayo hawakuombwa maoni.

Tundu la pili lina habari ya ajabu, na inatoka kwetu. Jagdish Chadha alizaliwa Kenya kwa wazazi wenye asili ya India, akaenda Marekani kusoma katika miaka ya 1960 akiwa na pasipoti ya Uingereza. Viza yake ya masomo ilipokwisha mwaka 1972, hakuwa na pa kurudi: Kenya haikumtambua kama raia wake, na Uingereza nayo haikuwa tayari kumpokea kirahisi. Afisa wa uhamiaji alimhurumia akasimamisha amri ya kumfukuza, lakini sheria ya wakati huo iliruhusu baraza moja la Bunge kuufuta uamuzi wa namna hiyo kwa kura tu, bila ya rais kusaini chochote, na Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi lilifanya hivyo. Chadha alishitaki. Juni 1983 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi kwa majaji 7 dhidi ya 2, ikisema kwamba Bunge likitaka kubadili haki au wajibu wa mtu kisheria, halina njia ya mkato: ni lazima mabaraza yote mawili yapitishe na rais apelekewe ili asaini au akatae.

Hukumu ya mwanafunzi asiye na nchi ndiyo iliyong'oa jino la sheria ya vita. Kama Bunge haliwezi kuamuru jambo bila ya kulipeleka kwa rais, basi lile azimio la mwaka 1973 la kurudisha askari bila ya saini yake likakosa nguvu. Kinachobaki ni azimio la kawaida, ambalo rais analipigia kura ya turufu, na ili kuiruka turufu hiyo inatakiwa theluthi mbili ya kila baraza. Hapo hesabu inageuka juu chini. Waandishi wa Katiba walitaka wingi wa kura katika mabaraza yote mawili ndipo vita vianze. Leo rais aliyekwisha kuvianzisha anahitaji maseneta 34 tu kati ya 100 wa kumkinga, idadi ambayo majimbo 17 yanaweza kuitoa, ili viendelee. Mwaka 2019 mabaraza yote mawili yalipitisha azimio la kuitoa Marekani katika vita vya Saudi Arabia nchini Yemen. Donald Trump akalikataa, na Seneti ilipojaribu kuiruka turufu ilipata kura 53 kwa 45. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo kuhusu Iran, baada ya kuuawa kwa Qassem Soleimani, jenerali wa Iran, mjini Baghdad. Wingi ulipatikana, vita havikuguswa.

Mahakama nazo zimejitenga. Mfano mzuri ni Kosovo, na siku moja ya kikao inatosha kuonyesha jinsi Bunge linavyojificha nyuma ya kura zake lenyewe. Ndege za Marekani na washirika wake wa NATO zilikuwa zimeishambulia Yugoslavia kwa zaidi ya mwezi, kwa amri ya Bill Clinton. Aprili 28, 1999, Baraza la Wawakilishi likakaa kuamua. Lilipigia kura pendekezo la kutangaza vita: 2 wakakubali, 427 wakakataa. Likapigia kura pendekezo la kuwaondoa wanajeshi: 139 wakakubali, 290 wakakataa. Kisha likaja azimio la kuunga mkono mashambulizi ya anga ambayo tayari yalikuwa yakiendelea, na ubao wa kura ukasimama kwenye 213 kwa 213, sare, maana yake limeanguka. Mwezi uliofuata wabunge hao hao wakaidhinisha fedha za kuyalipia mashambulizi waliyokataa kuyatangaza, kuyasimamisha na kuyaunga mkono. Mbunge mmoja wa California, Tom Campbell, na wenzake walimshitaki Clinton kwamba amevunja Katiba na sheria ya siku 60. Mahakama ya rufaa ya Washington iliitupa kesi yao mwaka 2000, kwa hoja kwamba wabunge wana silaha zao wenyewe za kumzuia rais, na kama hawazitumii wasije kuazima za mahakama. Jibu hilo lilikuwa kali, lakini lilikuwa la haki.

Hapo ndipo ninapoona penye kiini. Kila aliyepiga kura siku ile alikuwa na cha kumwambia mpiga kura wake, vyovyote ambavyo Kosovo ingeishia. Ikienda vizuri, hakupiga kura ya kuwaondoa askari. Ikienda vibaya, hakutangaza vita. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, 435 kwa jumla, huchaguliwa upya kila baada ya miaka 2, kwa hiyo hakuna siku ambayo uchaguzi uko mbali nao.

Iraq iliwafundisha somo hilo mara mbili, na mara zote mbili liliwaumiza. Saddam Hussein alipoivamia Kuwait Agosti 1990, Bush baba alipeleka askari Saudi Arabia lakini akachelewesha kura ya Bunge hadi uchaguzi wa katikati ya muhula wa Novemba ulipopita. Januari 12, 1991, Seneti ikaidhinisha vita kwa kura 52 dhidi ya 47, Wademokrati 10 tu wakiunga mkono. Mjadala ule ulikuwa wa kweli: watu walisimama wakasema wanachoogopa, na kati ya waliokataa walikuwemo John Kerry wa Massachusetts na Joe Biden wa Delaware. Kisha vita vya ardhini vikaisha kwa takriban saa 100, waliokataa wakaonekana waoga, na Al Gore, Mdemokrati aliyesema ndiyo, mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mgombea mwenza wa Clinton.

Bush mwana aliipanga kalenda kinyume na baba yake. Kura ya kuivamia Iraq ililetwa Oktoba 2002, wiki 4 hivi kabla ya uchaguzi wa Novemba 5, mwaka mmoja tu baada ya minara ya New York kuanguka. Seneti ilipitisha kwa 77 dhidi ya 23, Baraza la Wawakilishi kwa 296 dhidi ya 133. Safari hii Wademokrati 29 wa Seneti walikubali. Kerry akakubali. Biden akakubali. Hillary Clinton wa New York akakubali. Siwezi kuingia moyoni mwa mtu, na huenda kila mmoja aliamini alichoambiwa kuhusu silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana. Lakini ni vigumu kuamini kwamba wote walizisahau zile saa 100.

Wala kukubali hakukuwa kinga. Max Cleland, seneta wa Georgia, alipoteza miguu yote miwili na mkono wa kulia Vietnam mwaka 1968. Aliunga mkono vita vya Iraq. Mpinzani wake, Saxby Chambliss, akarusha tangazo la televisheni lililoweka picha za Osama bin Laden na Saddam Hussein, likimshutumu Cleland kwa kura alizopiga kuhusu muswada mwingine kabisa, wa kuunda wizara ya usalama wa ndani. Cleland alishindwa. Miaka 2 baadaye Kerry, akigombea urais, alijaribu kueleza kwamba alikuwa ameunga mkono mswada wa dola bilioni 87 za vita kabla ya kuupinga, na maneno hayo yakawa tangazo la Bush kutwa kucha. Mwaka 2008 Hillary Clinton alishindwa kwenye kinyang'anyiro cha uteuzi wa chama na Obama, aliyekuwa na bahati ya kutokuwa Washington mwaka 2002; alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, na hotuba yake ya Oktoba 2 mwaka huo mjini Chicago, akiviita vita hivyo vya kipumbavu, haikumgharimu kura yoyote ndani ya Bunge la taifa.

Sasa jiweke mahali pa mbunge kijana anayeyatazama haya. Waliokataa mwaka 1964 walipoteza viti. Waliokataa mwaka 1991 walichekwa. Waliokubali mwaka 2002 waliandamwa kwa miaka 6, na wengine hadi 2016. Funzo analolipata si kwamba apige kura kwa busara zaidi. Funzo ni kwamba asipige kabisa. Rais akiachiwa peke yake, vita vikifaulu mbunge atakuwepo kwenye picha ya kuwapokea mashujaa, na vikiharibika atadai uchunguzi.

Ndiyo maana marais wanapojaribu kuirudisha kura hiyo bungeni, haipokewi. Mwishoni mwa Agosti 2013 Obama alisema angeomba idhini kabla ya kuishambulia Syria, ambayo serikali yake ilishutumiwa kutumia silaha za sumu dhidi ya raia. Kamati moja ya Seneti ilipiga kura, kisha Urusi ikaleta pendekezo la kuziondoa silaha hizo, na kura ya mabaraza kamili haikufanyika. Agosti 2014 ndege zilianza kuwapiga ISIS bila ya idhini mpya. Februari 2015 Obama alipeleka rasimu ya azimio la kuidhinisha vita hivyo, na Bunge halikuipigia kura, si ya ndiyo wala ya hapana.

Lingewezaje kutopiga kura ilhali vita vinaendelea? Kwa sababu kulikuwa na ile sentensi ya mwaka 2001. Ijumaa ya Septemba 14, siku 3 baada ya mashambulizi, wabunge walihudhuria ibada ya maombolezo katika kanisa kuu la Washington na siku hiyo hiyo wakapiga kura. White House ilikuwa imeomba ruhusa ya kuzuia ugaidi na uchokozi wowote wa siku zijazo, na Bunge, sifa lipewe, likakataa upana huo. Walichokipitisha kwa Kiingereza kina maneno 60: rais anaruhusiwa kutumia nguvu zote zinazohitajika na zinazofaa dhidi ya nchi, vikundi au watu ambao yeye ataamua kuwa walipanga, waliidhinisha, walitekeleza au walisaidia mashambulizi ya Septemba 11, au waliwahifadhi wahusika, ili kuzuia ugaidi zaidi kutoka kwa hao hao. Seneti 98 kwa 0. Wawakilishi 420 kwa 1.

Yule mmoja alikuwa Barbara Lee, mbunge wa Oakland, California. Alisimama mbele ya ukumbi uliojaa watu wenye msiba, sauti ikimtetemeka, akanukuu dua aliyoisikia kanisani mchana ule, kwamba tunapochukua hatua tusije tukageuka kuwa uovu tunaoulaani. Alitishiwa kuuawa, akawekewa ulinzi wa polisi. Wapiga kura wa Oakland hawakumwangusha. Walimrudisha bungeni kila baada ya miaka 2 hadi alipoondoka mwenyewe Januari 2025, na mwaka huo huo wakamchagua meya. Ni kweli Oakland ni mji wa mrengo wa kushoto na si kipimo cha nchi nzima, lakini yeye ndiye jibu kwa wanaosema kura ya hapana haiwezekani.

Tazama sentensi ile haina nini. Haimtaji Osama bin Laden, haiitaji Al Qaeda, haiitaji Afghanistan. Haina mipaka ya nchi, haina tarehe ya kwisha. Mwanasheria wa serikali anayetaka kuipanua anahitaji kitu kimoja tu, nacho kilipatikana: dhana ya "vikundi shirika", kwamba aliyejiunga na adui wakati vita vikiendelea naye ni adui. Maneno hayo hayamo kwenye sheria. Al Shabaab iliibuka kama kundi linalojulikana mwaka 2006 hivi, baada ya majeshi ya Ethiopia kuingia Somalia. Ikajiunga rasmi na Al Qaeda Februari 2012. Na Novemba 2016, katika wiki za mwisho za utawala wa Obama, kundi zima likahesabiwa kuwa limo ndani ya sentensi ya mwaka 2001. Desemba 2020 Trump akaamuru wanajeshi 700 hivi watolewe Somalia. Mei 2022 Biden akaamuru wasiozidi 500 warudi. Kutoka na kurudi, hakuna mbunge aliyeulizwa.

Kuna wakati mmoja Bunge lilivuta kamba na ikakaza, na ilikuwa Somalia pia. Oktoba 1993, baada ya wanajeshi 18 wa Marekani kuuawa katika mapigano ya Mogadishu na picha za miili ikiburutwa mitaani kuonekana kwenye televisheni, Bunge liliandika katika sheria ya fedha za ulinzi kwamba baada ya Machi 31, 1994 hakuna hata senti ya operesheni ile, isipokuwa kwa masharti machache. Askari wakarudi. Hakuna mahakama iliyohitajika wala theluthi mbili, kwa sababu rais hawezi kuipigia turufu fedha ambayo hajapewa. Silaha hiyo bado ipo kabatini. Tofauti ni kwamba mwaka ule wapiga kura walikuwa wakipiga simu ofisi za wabunge wao kwa hasira.

Siku hizi simu hizo ni chache, na chanzo kimojawapo ni cha mwaka ule ule wa 1973: uandikishaji wa lazima jeshini ulikoma, na tangu hapo anayepelekwa vitani ni mtu aliyejiandikisha mwenyewe, mara nyingi mtoto wa familia yenye jadi ya uanajeshi. Ongeza ndege zisizo na rubani, ambazo zinaporipuliwa hazirudishi jeneza, na vita vinageuka kuwa habari ya ukurasa wa ndani. Oktoba 2017 wanajeshi 4 walipouawa karibu na kijiji cha Tongo Tongo nchini Niger, Lindsey Graham, seneta aliyekuwa katika kamati ya majeshi na asiyejulikana kwa kuogopa vita, alikiri kwenye televisheni kwamba hakujua kama Marekani ilikuwa na askari 1,000 huko. Kama seneta huyo hakujua, mkulima wa Iowa angewezaje kumwadhibu mtu kwa hilo kwenye sanduku la kura?

Wanaotetea uhuru wa rais wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Kombora halisubiri mjadala, siri haikai ndani ya vichwa 535, na Madison mwenyewe alimwachia rais kuzima shambulio la ghafla. Agosti 20, 1998, siku 13 baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam kuua watu 224, Clinton alirusha makombora Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha Al Shifa mjini Khartoum bila ya kura yoyote, akidai haki ya kujilinda. Kiwanda kile hata leo kinabishaniwa. Lakini hata tukikubali haraka ya siku 13, haraka haiwezi kudumu miaka 20. Mlipuko wa Agosti unaeleza kombora la Agosti. Hauelezi msimu wa sita, wa kumi na wa kumi na tano wa mashambulizi katika bonde la Juba, ambapo kulikuwa na muda wa kutosha wa kukaa, kubishana na kuhesabu mikono.

Sheria ya mwaka 1973 bado inafuatwa katika jambo moja, la barua. Kila Juni na kila Desemba rais humwandikia Spika wa Baraza la Wawakilishi na kiongozi wa Seneti, akiorodhesha mahali walipo askari wake wenye silaha za vita. Mwandishi hubadilika na maneno karibu yote hubaki yale yale. Katika barua za miaka iliyofuata shambulio la Manda Bay, baada ya Somalia na kabla ya Djibouti, Kenya imepewa sentensi moja: kwamba wanajeshi wa Marekani wapo huko kusaidia operesheni za kupambana na ugaidi Afrika Mashariki. Barua hupokewa, hupewa namba, hupelekwa kamatini. Haipigiwi kura.